Simu ikijitoa kwenye Wi-Fi ya nyumbani: ripita, meshi au waya?

Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dodoma, na kishikwambi anachotumia ni kimojawapo cha vile vilivyofanya kazi ya Sensa ya 2022 kabla ya kugawiwa walimu. Watoto wakishalala hukaa nacho chumbani akiandaa masomo ya kesho. Kwa miezi mingi, jioni baada ya jioni, nilisikia sauti ileile kutoka huko: "Baba watoto, imekatika tena." Mimi nipo sebuleni, video inaenda bila kusita, rauta iko mbele yangu na taa zake zote zinawaka kijani.

Tunaishi Nkuhungu, nyumba ya tofali za saruji, vyumba vitatu, na uani kuna vyumba viwili vya nje. Nimenunua kifaa ambacho sikukihitaji, nimemlipa fundi akaongeza tatizo la pili juu ya la kwanza, na kilichotibu mwishowe ni waya wa mita 25 na rauta kuukuu iliyokuwa imelala kabatini. Naona majirani wanaelekea njia niliyopita, na inaniuma, kwa sababu hela ya kubahatisha hakuna mwenye nayo.

Tazama alama kwanza

"Mtandao umekatika" ni jina moja la magonjwa matatu. Simu ikijitoa, usikimbilie kuizima na kuiwasha. Iangalie kwa sekunde kumi.

Alama ya Wi-Fi ikipotea kabisa juu ya kioo, simu imeachana na rauta. Tatizo liko ndani ya nyumba: umbali, ukuta, masafa ya mawimbi, au simu yenyewe. Alama ikibaki lakini imewekewa mshangao, au imejaa na bado kurasa hazifunguki, simu na rauta zinaelewana vizuri. Kilichokatika ni kati ya rauta na kampuni inayokuuzia intaneti. Hakikisha kwa kufungua kivinjari na kuandika anwani iliyobandikwa chini ya rauta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ukurasa wa rauta ukifunguka haraka, nyumba yako nzima haina kosa. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipokatika, intaneti ilisuasua nchini. Siku ile aliyekuwa akifungua na kufunga rauta yake alikuwa anajichosha bure.

Aina ya tatu utaiona kwenye rauta: taa zote zinazima kwa pamoja, kisha zinawaka moja moja. Huo ni umeme.

Swali linalofuata ni kifaa kipi na mahali gani. Kifaa kimoja kinakatika popote ndani ya nyumba, hata kikiwekwa juu ya meza ya rauta? Shughulika na kifaa hicho. Vifaa vyote vinakatika chumba kimoja? Ni mawimbi. Vifaa vyote, vyumba vyote, kwa wakati mmoja? Achana na simu, nenda kwenye rauta, umeme au laini. Mimi sikuuliza maswali haya, na ndiyo sababu nilitumia hela kabla ya kutumia macho.

Kubadili mipangilio au kubadili simu

Watu wengi huhukumu simu mapema mno. Kabla hujaiuza, pitia mambo manne, hayagharimu kitu.

La kwanza ni kuokoa betri. Simu nyingi za Android, hasa za bei ya chini, hubana Wi-Fi kioo kikizima ili chaji idumu. Ukiona simu inajitoa kila ikilala mfukoni na kurudi ukiigusa, umempata mhalifu. La pili ni ule uwezo wa simu kuhamia data ya laini yenyewe inapoona Wi-Fi imelegea. iPhone inao tangu mwaka 2015 na Android nyingi zinao pia. Huu unaumiza maradufu, maana bando lako linaliwa ukidhani uko kwenye Wi-Fi. Uzime ukiwa unapima tatizo, ili uone ukweli.

La tatu: kuanzia Android 10 na iOS 14, simu hujitambulisha kwa rauta kwa anwani ya kubuni badala ya ile ya kiwandani, kwa ajili ya faragha. Ni jambo zuri. Ila kama rauta yako imewekewa orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa, simu itakataliwa kila mara bila wewe kuelewa kwa nini. Kwa mtandao wa nyumbani kwako tu, iambie simu itumie anwani yake halisi, au uiondoe orodha. La nne ni ulinzi wa pasiwedi. Rauta mpya huja na aina mpya ya ulinzi iitwayo WPA3, au mchanganyiko wake na WPA2 ya zamani, na vifaa vya zamani hubabaika hapo. Kishikwambi chetu kilitulia kidogo nilipoiweka rauta kwenye WPA2 yenye AES peke yake.

Baada ya hayo, "sahau" mtandao kwenye simu na uingize pasiwedi upya. Kama bado inajitoa ikiwa mita mbili kutoka kwenye rauta wakati vifaa vingine vimetulia, na inajitoa pia kwenye Wi-Fi ya jirani au ya ofisini, antena ya ndani ina shida. Hapo ndipo fundi simu anahusika, si mapema zaidi.

Umeme: betri ndogo au UPS ya kompyuta

Rauta haihitaji umeme ukatike kabisa ili ijizime. Umeme ukishuka kidogo tu saa za jioni, wakati kila nyumba imewasha taa, friji na televisheni, taa ya sebuleni inafifia kwa nusu sekunde na wewe huoni, lakini adapta iliyochoka inashindwa na rauta inaanza upya. Kuanza upya kunakula dakika mbili au tatu, na kwa rauta ya laini ya simu zinaweza kuzidi. Mtu aliye chumbani haoni taa. Yeye anaona simu imejitoa.

Adapta nyingi za rauta ni za volti 12 na ampea 1 au 1.5. Zikizeeka hutoa volti sahihi rauta ikiwa haina kazi, kisha huanguka vifaa vikiunganishwa vingi. Kabla ya kununua chochote kikubwa, azima adapta nyingine yenye volti zilezile na ampea zilezile au zaidi, uitumie siku mbili. Volti zisipolingana, acha; utaunguza rauta.

Kati ya betri ndogo ya rauta na UPS ya kompyuta, kwa kazi hii mimi ningechukua betri ndogo bila kufikiri sana. UPS ya kompyuta hubadili umeme wa betri kuwa wa volti 230, kisha adapta ya rauta inaurudisha kuwa 12. Chaji nyingi inapotea njiani kama joto, na betri yake ya risasi huchoka mapema kwenye joto la Oktoba na Novemba. Betri ndogo hutoa volti 12 moja kwa moja. Yenye mAh 8,800 za seli za lithiamu ina kama wati-saa 32, na rauta inayokula wati 9 itaendeshwa kwa karibu saa tatu. Ukiwa na faiba kumbuka viboksi mara nyingi ni viwili, kile kinachopokea faiba na rauta yenyewe. Ukikipa betri kimoja tu, umeme ukikatika utabaki na Wi-Fi isiyo na intaneti.

Jambo moja la hapa kwetu: nyumba au banda lisilo na siling'i, usiweke rauta juu ya kabati karibu na bati. Rauta nyingi za nyumbani zimeundwa kufanya kazi hadi nyuzi joto 40, na mchana chini ya bati hiyo inapitwa. Vumbi letu jekundu nalo huziba matundu ya kupumulia. Brashi ya rangi iliyo kavu, mara moja kwa mwezi, inatosha.

2.4 au 5

Rauta nyingi za sasa hurusha masafa mawili, 2.4 GHz na 5 GHz. Ya kwanza inafika mbali na inavumilia kuta, lakini ni ya polepole na imejaa watu. Bluetooth na maikrowevu vimo humo humo. Ya pili ina kasi na nafasi, ila ukuta wa tofali za saruji unaipunguza sana, na kuta mbili ni shida.

Kwa mtu anayekaa chumba kimoja na rauta, 5. Kwa vyumba vya mbali na vya uani, 2.4. Hilo ni rahisi. Kinachokata simu ni rauta kuyapa masafa yote mawili jina moja, simu ikawa inaruka huku na huku ukiwa koridoni. Yatenganishe kwa majina mawili kwa wiki moja, uunganishe kila kifaa kwenye jina kinalostahili. Kukatika kukipungua, umejua chanzo bila kutoa shilingi.

Kwenye 2.4, chagua mwenyewe chaneli, yaani njia ndogo ndani ya masafa: 1, 6 au 11. Chaneli zimepishana kwa MHz 5 tu wakati kila mrusho unahitaji MHz 20, kwa hiyo hizo tatu ndizo zisizoingiliana. Zikwepe 12 na 13, kwa sababu baadhi ya simu zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazizioni, na simu za mtumba za namna hiyo zimejaa mjini. Kwenye 5, anza na chaneli 36 hadi 48. Zile za kuanzia 52 hadi 144 hutumika pamoja na rada, na rauta ikihisi rada inatakiwa kuhama mara moja, nayo simu zote zinaachwa njiani.

Kisha isogeze rauta. Nilipakua kwenye Android programu ya bure ya kupima Wi-Fi, inayoonyesha nguvu ya mawimbi kwa namba hasi. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Nikatembea polepole na simu mkononi. Sebuleni -45. Koridoni -58. Mlango wa chumba chetu, -71. Nilipokaa kwenye kiti anachokaa mke wangu, -79. Apple wenyewe wanaeleza kwamba iPhone huanza kutafuta kituo kingine mawimbi yakifika -70, kwa hiyo pale kwenye -79 kifaa kinaning'inia kwa uzi. Nikatazama kilichopo katikati: televisheni yenyewe, kuta mbili, na kabati la nguo lenye kioo kirefu. Kioo kina utando wa chuma nyuma yake, nacho kinarudisha mawimbi yalikotoka. Rauta ilikuwa chini, nyuma ya televisheni. Niliipandisha ukutani, upande wa koridoni, kimo cha kichwa cha mtu mzima. Kwenye kiti ikawa -70. Bure kabisa. Geti la bati na tangi la maji la lita 2,000 navyo vinazuia. Mwenye chumba cha uani kilicho nyuma ya tangi asilaumu simu yake.

Ripita, meshi au waya

Hapa ndipo hela huenda, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ripita ndiyo rahisi kununua na kuchomeka. Inasikia mawimbi ya rauta na kuyarusha tena. Niliichomeka chumbani, pale pale palipokuwa na shida, na alama kwenye kishikwambi ikajaa mara moja. Nilifurahi kwa dakika kumi. Ripita hurudia inachokisikia, na pale ilipokuwa ilisikia -79 kama kishikwambi kilivyosikia. Alama ilikuwa inapima umbali wa kishikwambi na ripita, si wa ripita na rauta. Mke wangu akawa na alama iliyojaa na ukurasa usiofunguka, jambo lililomkera kuliko mwanzo.

Ripita hukaa katikati ya njia, mahali ambapo mawimbi bado yana -60 hivi. Kwetu ni koridoni, na koridoni hakuna soketi, ikabidi ekstensheni ipite mlangoni. Ilifanya kazi. Lakini ripita ya bei ndogo yenye redio moja inasikiliza na kusema kwa chaneli ileile, kwa hiyo kasi inabaki karibu nusu. Na simu ndiyo inayoamua lini ihame kutoka rauta kwenda ripita. Nyingi hung'ang'ania ile ya mbali hadi inakata. Kama shida yako ni chumba kimoja na kazi yako ni ujumbe na kusoma kurasa, ripita iliyowekwa mahali pake inatosha. Kwa kikao cha video, hapana.

Meshi ni viboksi viwili au vitatu vinavyofanya kazi kama rauta moja yenye jina moja. Vingi vinajua kuishawishi simu ihamie kiboksi cha karibu kabla haijakatika, na vile vyenye redio ya ziada ya kuongea vyenyewe kwa vyenyewe havipotezi kasi kama ripita. Kwa nyumba kubwa ambayo huruhusiwi kuitoboa, meshi ndiyo chaguo langu. Ila ukuta ni ukuta. Kiboksi cha pili kikiwa nyuma ya kuta mbili za saruji, nacho kitasikia vibaya kama ripita yangu ilivyosikia, kwa bei kubwa zaidi. Na kila kiboksi kinataka umeme wake, kwa hiyo umeme ukikatika betri moja haitoshi.

Waya ni kuvuta kebo ya mtandao, Cat5e au Cat6, kutoka kwenye rauta hadi chumba chenye shida, na kuweka rauta ya pili mwishoni. Kebo inafika mita 100 bila kupoteza kitu, na ukuta haiujui. Nyumba nyingi za hapa hazifiki mita 30 kutoka kona hadi kona hata ukihesabu uani. Rauta ya pili inaweza kuwa yoyote ya zamani inayofanya kazi. Hakuna kasi inayogawanywa nusu.

Kosa ni moja na linafanywa kila siku. Fundi aliyekuja kwangu aliunganisha rauta ya pili akaiacha nayo inagawa anwani za IP, zile namba zinazotambulisha kila kifaa kwenye mtandao. Rauta mbili zikawa zinagawa anwani ndani ya nyumba moja. Simu zikawa zinapewa anwani ambayo tayari ina mwenyewe, zinaganda kwenye maneno ya kutafuta anwani ya IP, zinajitoa, zinarudi. Sasa hata sebuleni kulikatika. Dawa yake haichukui dakika tano: ingia kwenye rauta ya pili, zima DHCP (ndiyo inayogawa anwani), ipe anwani tofauti, kwa mfano 192.168.1.2 kama ya kwanza ni 192.168.1.1, na uchomeke kebo kwenye tundu la LAN, si la WAN. Jina na pasiwedi viwe vilevile, chaneli ziwe tofauti, moja 1 na nyingine 11. Usiku ule nilipomaliza nilikwenda kukaa kwenye kiti cha mke wangu. Ilisoma -48.

Kebo inayotoka nje kwenda uani iwe ya nje, yenye ganda jeusi gumu, au ipite ndani ya paipu ya umeme. Jua la Dodoma hupasua ganda la kebo ya ndani. Uliza kama nyuzi zake ni shaba tupu. Zile za aluminiamu iliyopakwa shaba hukatika ukizikunja na kona. Masika ya radi yakianza, chomoa ile inayounganisha majengo mawili.

Rauta ya faiba au ya laini

Nina jirani, mzee mstaafu, aliyeniita siku moja. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Hebu niangalizie hii rauta, nikiiweka dirishani simu inakata, nikiiweka chumbani intaneti inakwisha." Alikuwa ameeleza tatizo zima kwa sentensi moja. Rauta ya laini ya simu inasikiliza pande mbili. Inataka dirisha linaloelekea mnara, na wewe unataka ikae katikati ya nyumba. Faiba haina shida hiyo kwa sababu fundi anaweza kuishusha popote unapomwambia, mradi umwambie kabla hajatoboa. Usimwachie aiache kwenye kona ya kwanza anayoingilia.

Faiba ikiwa imefika mtaani kwako, ichukue. Isipofika, iache rauta ya laini dirishani na uvute waya hadi rauta ya pili katikati. Kwa mzee zilitosha mita 15 kupitia juu ya siling'i. Vile vidude vya mfukoni vya laini, vyenyewe vina kikomo cha vifaa, 8 au 10 hivi kwa vingi. Siku wageni wakija na kifaa cha ziada kikakataliwa, si pasiwedi iliyokosewa.

Mpangaji na anayejenga

Tangu Serikali ihamie hapa, wapangaji ni wengi, na mpangaji hachimbi ukuta wa mtu. Kwake ningeshauri asogeze rauta, atenganishe masafa, anunue betri ndogo, na akibakiwa na chumba kimoja kigumu avute kebo pembeni ya kuta kwa vibanio vya misumari. Akihama, anaikunja na kuondoka nayo. Meshi anaondoka nayo pia, kama uwezo upo.

Lakini wewe unayejenga Iyumbu, Nala au Ihumwa, na nyumba bado haijapigwa lipu, una bahati ambayo mimi sikuwa nayo. Fundi umeme akija kuchimbia paipu za soketi, mwambie aongeze paipu tupu kutoka mahali pa rauta hadi kila chumba cha kulala na moja kwenda uani, azipitishe kwenye mkondo wake mbali na za umeme, na aache kamba ndani ya kila moja ya kuvutia kebo baadaye. Aweke soketi ya umeme na koridoni, juu, kimo cha kichwa. Ukisubiri lipu ikauke, utalipa kuivunja.